Mistari Mitatu ya Mama Wairimu

Jirani yangu hapa Matisi anafuga ng'ombe wawili nyuma ya nyumba, mahali ambapo mtu mwenye akili angefuga kuku watatu na kushukuru. Juzi asubuhi aliletewa chakula cha ng'ombe kwa mkokoteni, na mzee wa mkokoteni akakosea geti, akamwaga mzigo wote mbele ya mlango wangu. Nilitoka nikiwa nimefunga leso kiunoni, tayari kumpa vipande vyake. Nikakuta lundo la mbelewele, yale maua ya juu ya mahindi, mabichi, yamelowa umande, na vumbi lake la njano limetapakaa hadi kwenye ndara zangu. Harufu ile ya unga mbichi wenye utamu kidogo ilinishika pale pale, mpaka mzee wa watu akadhani nimekasirika kupita kiasi.

"Pole, mama. Nitazoa sasa hivi," alisema.

"Zoa polepole," nikamwambia.

Sisi tuliolelewa upande wa Endebess tunaijua harufu hiyo vizuri, lakini wengi wenu mlilima mahindi ya kula. Kwetu tulilima ya mbegu, na hiyo ni kazi ya watu wenye roho ngumu. Unapanda mstari mmoja wa mahindi ya kiume, kisha kadhaa ya kike, kisha wa kiume tena. Mahindi ya kike yakianza kutoa mbelewele, unazing'oa moja moja kwa mkono kabla hazijamwaga vumbi, ili ndevu zake zipokee vumbi la mistari ya kiume peke yake. Ukiacha chache zikamwaga, mbegu imechanganyika na mkaguzi analikataa shamba. Kwa hiyo kwa wiki tatu hivi hakuna mvua, hakuna homa, hakuna Jumapili. Mama alikuwa akiingia shambani alfajiri hata siku ya ibada, kisha anaingia kanisani na vumbi la njano kwenye nyusi, na wale waliotaka kunong'ona walinong'ona.

Mkataba na kampuni ya mbegu aliuanzisha Baba. Alipokufa, kampuni ilimwambia Mama kwamba inampa msimu mmoja aonyeshe kama anaweza. Akishindwa, jina letu litafutwa kwenye orodha ya wakulima na nafasi itapewa mwingine. Mimi nilikuwa nimeahidiwa shule ya bweni mjini Kitale mavuno yakikubaliwa, na tayari nilikuwa nimewatangazia watoto wote wa jirani, kwa maringo ambayo mpaka leo yananitia aibu.

Kulikuwa na sharti jingine. Mahindi ya aina nyingine hayaruhusiwi kuchanua karibu na shamba la mbegu, kwa sababu upepo hauna adabu, unabeba vumbi la huku na kulipeleka kule. Baba alikuwa amekubaliana na majirani kwa mdomo tu: karibu na ua wetu watapanda maharagwe au viazi. Wote walilitunza neno lao baada ya mazishi, isipokuwa mmoja.

Huyo alikuwa Mama Wairimu. Familia yake ilitoka upande wa kati ya nchi kabla sijazaliwa, watoto wake walikuwa wakubwa na wametawanyika, naye alibaki peke yake na mbwa wake. Kanisani alikaa benchi moja na Mama kwa miaka. Tangu Baba azikwe alihamia benchi la upande wa pili, na Mama akajiambia kwamba labda watu huogopa kukaa karibu na msiba. Kisha mvua zikaanza, na Mama Wairimu akapanda mahindi, mistari kumi na minne, hadi kwenye ua wa michongoma unaotutenganisha.

Mama alisubiri mpaka yalipokaribia kuchanua, akaenda kwake. Mimi, Naliaka, nilimfuata nyuma.

"Hodi, Mama Wairimu."

"Karibu." Lakini geti hakulifungua. Waliongea geti likiwa katikati yao, kama watu wawili wanaouziana mboga.

"Nimekuja juu ya hii mahindi. Baba Naliaka alikuwa ameongea na wewe."

"Aliongea, ndio. Sasa hayuko. Na shamba ni yangu."

"Sisemi uikate. Mbelewele zikitoka, nipe ruhusa nizing'oe mimi mwenyewe. Mahindi yako itachukua vumbi ya ile yetu ya kiume. Itazaa tu."

"Ati ung'oe kichwa ya mahindi halafu izae? Mama Naliaka, mimi si mtoto."

Tukarudi nyumbani. Mama hakuwa na saa maalumu ya maombi, aliomba huku akifanya kazi, na jioni ile aliomba huku akikamua. Nilikuwa nimemshika ndama, nikasikia kila neno. "Bwana, hii mahindi ya Mama Wairimu ni mlima mbele yangu. Mimi nimeshindwa. Tuma mtu wako."

Sasa, wiki hiyo hiyo mwalimu wetu wa sande skuli alikuwa ametufundisha kwamba Mungu huweza kumtuma hata mtoto mdogo. Mimi nilikuwa na miaka kama kumi na sikuhitaji kubembelezwa. Mama alikuwa na maana ya mtu wa kuzungumza na jirani, pengine mchungaji, pengine mzee wa kanisa. Mimi nilisikia jina langu likiitwa. Usiku huo nililala vizuri sana, kama mtu aliyepata kazi serikalini.

Jumamosi Mama Wairimu alienda sokoni Endebess. Mama alikuwa upande wa mbali wa shamba letu. Nikapita chini ya michongoma, miiba ikanichana mgongo, na hata hilo nikalihesabu kuwa mateso kwa ajili ya haki. Mahindi yake yalikuwa ya kienyeji, marefu, yamenizidi kimo kabisa. Nikawa nainamisha bua, navuta, na mbelewele inatoka kwa mlio ule wa pyoo ambao kila mtoto wa shamba la mbegu anaujua. Mabua mengine yalivunjika. Nikajiambia kazi ya Bwana haikosi hasara. Nilimaliza mistari kumi na mmoja kabla mbwa hajaanza kubweka kule getini, ule mbweko wa furaha wa mbwa aliyemwona mwenyewe akirudi. Nikakumbatia mzigo wangu na kukimbia, nikaumimina wote kwenye hori la ng'ombe wetu, tulipotupia zetu. Mistari mitatu ilibaki imesimama na vichwa vyake.

Sikujua kwamba mbelewele zetu zilikuwa za kijani na zake zambarau. Yaani, nilijua, lakini sikufikiri. Jioni Mama alikuja na ndoo ya kukamulia, akainama horini, akaokota mbelewele moja ya zambarau.

"Naliaka. Kuja hapa. Hii imetoka wapi?"

Nilimweleza yote, tena kwa fahari. Nikamalizia, "Si uliomba Mungu atume mtu?"

Nilitegemea kukumbatiwa. Mama aliketi juu ya ile ndoo, akaweka mkono mdomoni, mabega yakatikisika, na hadi leo sijui kama alikuwa akicheka au akilia. Hakunipiga. Angenipiga ningejua mambo yameisha. Aliniambia tu nikanawe, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeongezewa mzigo akiwa tayari amebeba mwingine.

Kesho yake kanisani, wakati wa mahitaji ya maombi, Mama Wairimu alisimama. "Wapendwa, mniombee," alisema. "Tumbili wa msituni wameingia kwa shamba yangu. Wamevunja mahindi, wamechukua vichwa yote, wamebakisha mistari tatu." Kanisa zima lilisikitika. Mchungaji akaomba kwa nguvu, akakemea tumbili kutoka Endebess hadi juu ya mlima, na watu wakaitikia amina kwa moyo wote. Mimi tumbili mwenyewe nilikuwa nimeketi pale na soksi nyeupe, na mkono wa Mama ulikuwa umenishika kifundo cha mkono kwa nguvu hata vidole vyangu vikafa ganzi.

Tuliporudi tulimkuta Mjomba Wafula, kaka yake Mama, ametoka Sirisia na gunia la viazi vitamu na mkungu wa ndizi. Mjomba alitupenda, na tangu kifo cha Baba hakuna mwezi uliopita bila kuja kututazama. Mama alimsimulia wakati wa chakula. Mjomba alicheka mpaka akakohoa.

"Dada, sasa shida iko wapi? Kanisa limeshaomba. Kesi ya tumbili imekwisha. Ng'oa hiyo mistali mitatu iliyobaki, mkaguzi akuje Jumanne apate shamba safi. Mungu amekusaidia, wewe unataka kuhalibu."

"Mungu hanisaidii kwa wizi wa mtoto," Mama alisema.

"Ukienda kusema, hatakupa hiyo mitatu. Unajua."

"Najua."

Aliosha mikono, akavaa kitambaa chake cha kichwa cha kina mama, kile cha ibada, akaniambia twende. Njiani sikuwa na malaika wala utume.

Safari hii Mama Wairimu alifungua geti, nadhani kwa sababu ya kile kitambaa. Mama alinisukuma mbele. "Sema." Nikasema. Nilisema nikitazama miguu yake, nikaona vidole vikijikunja ndani ya viatu vya mpira.

"Kumbe tumbili ana jina," Mama Wairimu alisema.

"Ana jina, na ana mama," Mama alijibu. "Mimi ndiye nilimlea. Nimekuja kuomba msamaha. Hiyo mahindi ambayo shamba yako haitazaa, nitakujazia kutoka kwa ile yangu. Na kanisani nitasimama mwenyewe niseme si tumbili."

Nilitegemea Mama Wairimu apige kelele juu ya mahindi. Alianza kwa jambo jingine kabisa.

"Siku ya mazishi nilipika mukimo," alisema. "Niliamka saa tisa usiku, nikaponda viazi, mahindi na mboga. Sufuria kubwa, ile yangu kubwa kabisa. Nikaleta kwenu kwa kichwa. Shangazi za marehemu wakaiweka nyuma ya ghala, wakasema watu wenu wanataka ugali na nyama. Mchana nikaenda kuangalia. Kuku ndio walikuwa wanakula, Mama Naliaka. Kuku."

Nami nikakumbuka. Niliwaona wale kuku, midomo yao ya kijani, na siku hiyo ya huzuni hicho ndicho kitu pekee kilichonichekesha.

"Sikuona," Mama alisema taratibu. "Nilikuwa nimeketi na maiti."

"Najua hukuona. Kwani nilikulaumu? Lakini baadaye hukuuliza hata hiyo sufuria ni ya nani. Umekaa nayo mpaka leo."

Mama alifumba macho. Tangu mazishi tulikuwa na sufuria kubwa isiyo na mwenyewe, kama kila nyumba iliyopata msiba inavyobaki na vyombo vya watu, na tulikuwa tukipashia maji ya kuoshea kiwele cha ng'ombe ndani yake. Aliniambia, "Kimbia uilete." Nilikimbia. Niliisugua kwa majivu na mchanga pale bombani mpaka kucha zikauma, nikairudisha inang'aa upande mmoja na upande mwingine bado nyeusi. Mama Wairimu aliipokea, akaigeuza, akaitazama chini palipochongwa herufi zake mbili kwa msumari. Mama alipiga magoti pale uani. Sikuwahi kumwona amepiga magoti mbele ya mtu.

"Ulikuja na chakula siku yangu mbaya, na nikakulipa hivyo," alisema. "Nisamehe."

Mama Wairimu hakusema amesamehe. Alisema, "Simama, mavazi inachafuka," akaingia ndani na sufuria yake.

Tulipofika barabarani nilimuuliza Mama kwa nini hakuomba ile mistari mitatu. Ilibaki hiyo tu shamba likubaliwe, na mkaguzi angekuja baada ya siku mbili.

"Msamaha wa kuombea kitu ni biashara," alinijibu. "Nilienda kwa sababu tulimkosea. Hayo mengine ni yake."

Jumanne mkaguzi alikuja na daftari lake na buti zake safi. Alipita shambani kwetu mstari kwa mstari, akawa anatikisa kichwa kwa kuridhika, kwa sababu hakupata mbelewele hata moja kwenye mahindi ya kike. Kisha akafika kwenye ua. Mistari mitatu ya Mama Wairimu ilikuwa imekomaa. Upepo ulipopita, vumbi liliinuka kama moshi mwembamba na kuja upande wetu.

"Mama, hii ni nini?"

"Ni ya jirani."

"Si ungeng'oa? Ni mistari mitatu tu."

"Sina ruhusa."

Mjomba, ambaye hakutaka kurudi Sirisia kabla ya siku hiyo, alishindwa kuvumilia. "Dada! Ng'oa! Atakushitaki kwa nani? Unatupa shamba ya mume wako kwa sababu ya mistali mitatu?"

Mama alimgeukia. "Huyu mtoto aliiba kumi na mmoja kwa kutojua. Mimi nikiiba mitatu nikijua, kesho nitamwambia nini?"

Mama Wairimu alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni lake, mikono ndani ya aproni, anatazama. Alisikia kila kitu. Hakutikisika. Mkaguzi alisubiri kidogo, kwa huruma nadhani, kisha akaandika. Shamba letu lilikataliwa. Nilimchukia yule mwanamke kwa moyo wangu wote, sande skuli ikae kando. Nilimchukia pia Mama kidogo, na hilo sikumwambia mtu.

Mwaka huo mahindi yetu yaliuzwa kama mahindi yoyote. Jina letu lilifutwa. Watoto niliowaringia kuhusu bweni walinikumbusha kila asubuhi tukienda shule ile ile ya zamani, na nilistahili. Mama hakulalamika, lakini msidhani alikuwa mtulivu kama picha ya ukutani. Kuna jioni alifokea ndama, ndoo na mvua, akanifokea na mimi, kisha akaja kuniomba radhi nikiwa nimeshajifunika blanketi. Jumapili iliyofuata ukaguzi alisimama mbele ya kanisa, akasema tumbili hawakuhusika. Watu wengine walicheka. Mchungaji alikohoa.

Baada ya mavuno alifunga magunia mawili ya mahindi makavu, tena yale mazuri, akakodi punda, tukayapeleka getini kwa Mama Wairimu. Alituacha tusimame huku akifungua gunia moja, akachota kiganja, akatafuna punje.

"Nitachukua moja," alisema. "Yangu ya upande wa kwenu ilizaa. Ile niliona imekatwa kichwa, imezaa. Ulisema ukweli."

"Niliahidi nitajaza."

"Si umejaza? Rudisha hiyo ingine. Una mtoto."

Basi. Hakuna kukumbatiana, hakuna wimbo. Tulirudi na punda na gunia moja. Ila Jumapili ile Mama Wairimu alikaa benchi letu, mwisho kabisa, na mkoba wake katikati yake na Mama.

Mama alienda ofisi za kampuni Kitale kuomba nafasi tena. Mara ya kwanza walimwambia orodha imejaa, mara ya pili walimwambia asubiri. Mara ya tatu, pengine kwa kuchoka naye, walimpa fomu: kila jirani anayepakana nasi aweke sahihi au kidole kwamba anakubali masharti. Alizunguka kwa majirani wote isipokuwa mmoja, kisha akaiweka fomu mezani chini ya Biblia. Ilikaa hapo siku tatu. Mimi nilikuwa nikipita naitazama ile nafasi tupu moja, nikijua ni mimi niliyefanya iwe ngumu kujazwa, na Mama alikuwa akisema tu, "Nitaenda. Nipe siku." Ndiyo mara pekee niliyomwona akiogopa mlango wa mtu.

Siku ya nne Mama Wairimu alikuja mwenyewe. Hakupiga hodi, aliingia moja kwa moja hadi uani tulipokuwa tukipepeta maharagwe.

"Nasikia kuna karatasi inazunguka kwa watu wote na kwangu haifiki," alisema. "Ama mimi si jirani?"

Mama aliinuka, akaileta. Mama Wairimu aliisoma yote, polepole, akaandika jina lake lote kwa herufi kubwa. Kisha akaeleza masharti yake, na sauti yake ilikuwa kali kama kawaida. Mahindi atapanda, kwa sababu hawezi kula maharagwe mwaka mzima. Atapanda hadi kwenye ua, kwa sababu shamba ni lake. Lakini mbelewele zikianza kutoka, zing'olewe zote.

"Na nani?" Mama aliuliza.

Alininyooshea kidole. "Huyu. Si anajua kazi? Ila apitie geti, kama mtu."

Kwa hiyo msimu uliofuata, jina letu likiwa limerudi kwenye orodha, kila asubuhi kabla ya shule, nilipita getini kwa Mama Wairimu. Niliogopa sana siku ya kwanza. Alikuwa ameniwekea kiti kidogo cha kupandia, maana mahindi yake bado yalinizidi kimo, nami nikawa nahamisha kiti, napanda, navuta, nashuka. Hakuniambia amenisamehe, wala sikuthubutu kuuliza. Alinifuata nyuma mstari kwa mstari, mikono mgongoni, anakagua kwa makini kuliko mkaguzi yeyote wa kampuni. Nilipofika mwisho wa mistari kumi na minne nikageuka kuchukua mkoba wangu wa shule, nikasikia ananiita. Alikuwa amesimama pale kwenye ua, upande unaotazama shamba letu, kidole juu.

"Naliaka, rudi. Umeacha moja hapa."